Lubumbashi: Matangazo ya wakimbizi yaliyokuwa hayaonekani kwenye Google

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Bukavu alifika kwenye redio ndogo ya kijamii, komine ya Ruashi, Jumatatu moja asubuhi ya mwezi wa tano mwaka 2025. Alikuwa na mtoto mgongoni na simu mkononi. Hakuja kuomba tangazo lisomwe. Alikuja kuuliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha, na yeye amekwisha kulipa.

"Mulilipa wapi, mama?" fundi wa redio akamuuliza.

Mama akamwonyesha simu. Kulikuwa na ukurasa wenye picha ya mahema meupe na maneno ya Kifaransa yaliyopangwa vizuri: jiandikishe upate msaada wa waliokimbia vita, fomu ni dola 15, tuma kwa namba hii. Alikuwa ametuma. Feza zenyewe alikopa kwa jirani anayeuza makala ya kupikia. Namba ile ilikuwa imezimwa tangu siku mbili.

Redio ilikuwa imewaonya watu juu ya wezi wa namna hiyo mara tatu katika juma lililotangulia, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na onyo lilikuwa limeandikwa pia kwenye tovuti ya redio. Fundi alimweleza hivyo kwa sauti ya mtu anayejitetea. Mama akajibu bila hasira:

"Siye tulifungula tu ile ya kwanza yenye ilitokea. Ya kwenu haikutokea."

Fundi huyo ni kijana wa miaka thelathini hivi. Alisoma informatike, na mchana anatengeneza simu kwenye soko la komine ya Kenya. Jioni anashughulikia mashine za redio na ile tovuti, bila mshahara, ila feza ya usafiri inapopatikana. Tovuti aliijenga mwenyewe kwa WordPress, na aliionea fahari. Siku ile, mama alipoondoka, aliketi mbele ya kompyuta akaandika kwenye Google maneno ambayo aliona mkimbizi angeyaandika. Ukurasa wa wezi ukatokea juu. Akashuka ukurasa wa pili, wa tatu, wa tano. Tovuti yake hakuiona popote. Akaandika jina la redio lenyewe, herufi kwa herufi. Ikatokea kurasa ya Facebook ya redio. Tovuti, hapana.

Kuna watakaouliza: redio ina mnara wake, Google ya nini? Watu wengi wa Lubumbashi habari wanazipata kwa redio, kwa WhatsApp na kwa Facebook, na hiyo ni kweli. Lakini mnara wa redio ndogo haufiki mbali. Ukipita nje ya mji sauti inakuwa mikwaruzo. Na waliokimbia wako mbali. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia zilitawanyika. Huyu mama alipita Uvira, akashuka na ziwa hadi Kalemie, akaja Lubumbashi kwa lori. Dada yake alibaki Kalemie. Kuna na wale wa zamani zaidi: waliotoka upande wa Pweto mwaka 2017 wakavuka kuingia Zambia, wengine wakapelekwa Mantapala, kambi iliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya ya Nchelenge. Mtu aliyefika jana mji asioujua hana redio, hajui masafa ya nani ni yapi, hayumo kwenye kundi lolote la WhatsApp la kartie. Ana simu. Anaandika swali lake kwenye simu, anafungua ile ya kwanza.

Kesho yake fundi alipanda hadi katikati ya mji kumwona mtaalamu mmoja aliyekuwa amebandika tangazo lake kwenye Facebook: tovuti yako iwe namba moja Google ndani ya siku 30. Mtaalamu alimpokea vizuri, akampa Fanta, akafungua kompyuta. Akamwonyesha programu ya kulipia yenye grafu za rangi zote. Bei: dola 350, nusu kwanza. Ndani ya bei hiyo, viungo 500 kutoka tovuti nyingine, vya kuipandisha ile ya redio.

Fundi aliondoka akiwa amekwisha kukubali moyoni. Ndiyo, na hilo lisifichwe: alikubali, kwa sababu mama wa Bukavu alikuwa bado kichwani mwake na dola 350 zilionekana kama kafara. Akaenda kumweleza mkurugenzi wa redio, mzee aliyewahi kuwa mwalimu. Mzee akauliza swali moja tu: "Ule muntu alikuambia ugonjwa wetu ni nini, ao alikuambia tu bei ya dawa?"

Hakuwa amemwambia ugonjwa.

Usiku huo, umeme ulipokuwapo, fundi alisoma maelezo ambayo Google yenyewe imeyaandika kwa wenye tovuti. Imeandikwa waziwazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Kwamba Google haipokei feza ili kuipandisha tovuti katika majibu ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo ya biashara, nayo yanawekewa alama. Na kwamba kununua viungo ili kupanda ni kuvunja kanuni zake, na tovuti inayokamatwa inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Vile viungo 500, basi, vilikuwa kama kununua mashahidi 500 ambao hakuna hata mmoja anayekujua. Siku hakimu akiuliza, wewe ndiye unayefungwa.

Akaanza na chombo kisichogharimu hata franka moja. Katika Google, ukiandika neno «site», nukta mbili, halafu anwani ya tovuti yako bila nafasi katikati, inakuonyesha kurasa zako inazozijua. Siyo hesabu kamili, lakini ni kama kuchungulia dirishani. Aliandika. Jibu: hakuna kitu. Miaka miwili ya matangazo, zaidi ya kurasa mia tatu, na kwa Google ilikuwa kama hazijawahi kuandikwa.

Mtu asiyejulikana kabisa hana tatizo la kuwa wa kumi au wa hamsini. Hayumo kwenye mstari. Na programu yoyote ya kukupandisha, hata iwe ya dola 1,000, haina la kumfanyia.

Chombo cha pili ni Search Console, ambacho Google inakitoa bure kwa mwenye tovuti yeyote. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa kuweka alama ndogo ndani yake, kisha unaweza kuiuliza juu ya ukurasa wowote: je, unaujua huu? Kama hapana, kwa nini? Fundi aliweka anwani ya lile onyo juu ya wezi. Jibu lilikuja kwa Kifaransa, mstari mmoja: ukurasa huu haujaingizwa kwa sababu wenyewe umekataza.

Wenyewe umekataza. Alisoma mara tatu.

Katika WordPress, upande wa mipangilio, kuna kisanduku kidogo kinachoiomba mitambo ya kutafuta isiiweke tovuti katika majibu yake. Wajenzi wanakitia alama wakati wa ujenzi ili watu wasione nyumba isiyo na paa. Fundi alikitia alama miaka miwili iliyopita, kisha nyumba ikaisha, wakaingia, wakaanza kuishi, na hakuna aliyekumbuka kuondoa ubao wa «usiingie». Kubofya kukiondoa kulichukua sekunde moja. Kukaa nacho kulikuwa kumemgharimu mama wa Bukavu dola 15, na ni nani ajuaye wengine wangapi.

Hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia mkurugenzi, kabla ya mtu mwingine kumwambia. Mzee alinyamaza kidogo, akasema: "Basi yule wa mjini angelipwa dola 350 kwa kukibofya." Huenda. Au huenda angeleta viungo 500 na kisanduku kingebaki vilevile.

Mtu asidhani kwamba kesho yake tovuti ilikuwa juu. Fundi alituma ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zote, kupitia Search Console hiyohiyo, akaomba kurasa kumi muhimu ziangaliwe kwanza. Siku zikapita. Kurasa zikaanza kuingia moja moja, kama watu wanaoshuka kwenye basi. Baada ya majuma mawili hivi alianza kuona kile ambacho kwa maoni ya wengi katika kazi hii kina thamani kupita programu zote za kulipia: maneno yenyewe ambayo watu waliandika kabla ya ukurasa wake kutokea mbele yao. Search Console inaonyesha maneno hayo, mara ngapi ukurasa ulionekana, mara ngapi ulifunguliwa, na wastani wa nafasi yake. Inatunza miezi 16. Maneno yaliyoandikwa na watu wachache mno inayaficha, kulinda siri zao.

Na maneno hayo yalimshangaza.

Tovuti ya redio iliandikwa kwa Kiswahili bora, kile cha vitabu. Mkurugenzi alikuwa amekilinda kwa miaka: wakimbizi, watoto, mji, shule. Watu hawakuandika hivyo. Waliandika «bakimbizi». Waliandika «batoto», «muji», na «lushi» mahali pa Lubumbashi. Shule waliiita «masomo», kama kila mtu anavyoiita hapa. Mwingine aliandika «masomo ya bure bakimbizi lushi», na swali lake lilikuwa na haki yote, kwani shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019. Wengine walichanganya na Kifaransa, «déplacés» pamoja na Kiswahili katika sentensi moja, kama tunavyosema sote ndani ya taksi. Redio ilikuwa na ukurasa mzuri kabisa juu ya kuandikisha watoto wa waliokimbia vita. Kichwa chake kilikuwa: «Tangazo namba 47».

Kabla ya hapo fundi alikuwa amejaribu, kwa siku za bure zinazotolewa kwa wateja wapya, programu moja kati ya zile kubwa za kulipia, ambazo bei yake inapita dola 100 kwa mwezi. Akaandika ndani yake «bakimbizi lubumbashi» ili imwambie ni watu wangapi wanaotafuta maneno hayo. Jibu: sifuri. Akaandika «masomo ya bure». Sifuri. Mtu wa haraka angesema hakuna anayetafuta. Lakini hapa, kwenye orodha yake mwenyewe, watu walikuwapo, wachache lakini hai, kila mmoja na swali lake. Programu ile haikudanganya. Ilitengenezwa kuhesabu masoko makubwa, na Ruashi siyo mojawapo. Mwenye duka la mavazi huko Paris aichukue, itamfaa. Mwenye redio ya kartie aanze na daftari lake.

Juu ya Kiswahili kulitokea ugomvi wa kweli pale redioni. Mzee hakutaka kuona «batoto» kwenye kichwa cha tangazo. Alisema tutachekwa na watu wa Dar es Salaam. Fundi alisema watu wa Dar es Salaam hawatafuti shule Ruashi. Mtangazaji mmoja, mama mwenye sauti ambayo kartie nzima inaijua, akawakumbusha kwamba Kiswahili cha mji huu kimeandikwa tangu zamani bila kuomba ruhusa ya mtu: mwaka 1965 watumishi wa nyumbani waliandika historia ya mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, ikakusanywa na André Yav, kwa Kiswahili chao hichohicho. Mzee aliijua habari hiyo kuliko wao wote. Akatabasamu kwa shida.

Wakapatana hivi: kichwa cha ukurasa na mstari wa kwanza viseme jambo kwa maneno ambayo watu wanayatumia, Kiswahili cha hapa na Kifaransa, na habari yenyewe iendelee kwa Kiswahili bora. «Tangazo namba 47» likawa «Batoto ba bakimbizi: namna ya kuwaandikisha masomo ya msingi Lubumbashi». Lile onyo likaanza na maneno ambayo mtu aliyekwisha kuonyeshwa fomu ya wezi angeyaandika: je, kujiandikisha msaada kunalipiwa? Na jibu likawekwa papo hapo, kwenye mstari wa pili: hapana, huduma za HCR ni za bure, na mtu anayekudai feza ili akuandikishe usimpe. Fundi alitaka kurudia «bakimbizi Lubumbashi» mara ishirini chini ya ukurasa, kwa maandishi meupe yasiyoonekana, kwa sababu kuna anayefundisha hivyo kwenye YouTube. Aliacha. Hila hiyo ni ya kizamani na Google inaiadhibu.

Juu ya uzito wa kurasa haifai kusema mengi, ila hesabu moja. Chombo kinachoitwa PageSpeed Insights, nacho cha bure, unakipa anwani na kinakuambia ukurasa unafunguka kwa muda gani kwenye simu. Google inaona ni vizuri kama kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kinaonekana ndani ya sekunde 2.5. Cha redio kilipita hapo mbali sana. Sababu: picha. Mtangazaji alipiga picha kwa simu yake nzuri, kila moja mega 4, akaweka kumi kwenye habari moja. Hizo ni mega 40. Mkimbizi aliyenunua mega 100 anafungua habari moja na karibu nusu ya mega zake imekwenda, kwa kuona kiongozi anakata utepe. Fundi akazipunguza picha kwa Squoosh, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, hadi kila moja ikawa karibu kilo 100 za data. Picha kumi, mega moja. Kama kuna jambo moja ambalo tovuti za hapa zingefanya leo bila kungoja mtaalamu, ni hilo. Na tangu Google ilipogeukia kuzipima tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, kazi iliyotangazwa mwaka 2016 na kumalizika 2023, hakuna tena kujitetea kwamba kwenye kompyuta ya ofisi inafunguka vizuri.

Vikabaki viungo. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walitoka Chuo Kikuu cha Stanford na wazo lililo rahisi kulieleza sokoni: ukitafuta fundi mzuri wa kushona, unasikiliza ni nani anatajwa na watu wengi, na zaidi ni nani anatajwa na wale ambao nao wanaheshimiwa. Kiungo ni kutajwa. Basi fundi, mahali pa kununua watu 500 wasiojulikana, alitembea kwa miguu. Alienda parokia iliyowapokea waliokimbia, akaomba tovuti yake iweke anwani ya ukurasa wa onyo. Alienda shule moja. Aliwaandikia wanafunzi wenye tovuti pale UNILU, na redio nyenzake mbili. Parokia ilikubali siku ileile. Shule ilisema itaona. Redio moja ilikubali kwa sharti kwamba nayo itajwe, jambo la haki. Jumla: viungo vinne.

Mwezi wa saba ukurasa wa onyo ulikuwa unaonekana kwenye ukurasa wa kwanza kwa maneno mengi waliyoyafuata. Ule wa wezi fundi aliupeleka Google kupitia fomu ya kushitaki kurasa za udanganyifu. Ukapotea. Ukatokea mwingine kwa jina lingine. Kazi hiyo haina siku ya mwisho, ni kama kufagia uwanja wenye mwembe.

Wakati fundi anaanza kuona raha, mzee mmoja aliyetoka Bukavu naye, mwenye koti hata wakati wa joto, alikuja kushukuru. Ndugu yake aliyeko Nairobi aliandika jina lake kwenye Google, akaona tangazo la redio la «wanaotafutana», akapiga simu. Miezi mitano hawakuwa wamesikiana. Mzee alishukuru kwa mikono miwili. Kisha, akiwa amefika mlangoni, akarudi na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Sasa, mwanangu, kama ndugu yangu ameniona huko, na ule mwenye nilimukimbia ataniona?"

Fundi alifungua kompyuta akaandika jina la mzee. Likatokea lote: jina kamili, alikotoka, kartie anamolala, jina la mwenye nyumba, namba ya simu. Hivyo ndivyo matangazo ya redio yanavyosomwa, na kwenye redio ni sawa. Sauti inapita, inakwisha. Kwenye Google haikwishi. Miaka miwili kisanduku kilichosahauliwa kilikuwa kimeificha kazi nzuri ya redio, na wakati huohuo, bila mtu kujua, kilikuwa kinawalinda watu hawa. Fundi alikifungua kwa ajili ya onyo moja, akayafungua majina yote.

Hapo akafanya kosa la pili. Kwa haraka aliandika katika faili la robots.txt, ambalo linaiambia mitambo mahali isipoingie, kwamba isiingie kwenye sehemu ya wanaotafutana. Akangoja. Majina yakabaki. Ilimchukua siku mbili kuelewa: mtambo uliokatazwa kuingia hauwezi kusoma alama iliyoandikwa ndani ya nyumba, na kurasa unazozijua tayari unaweza kuendelea kuzitaja. Ili usahau, lazima uuache uingie, usome kwenye ukurasa wenyewe kwamba hautakiwi kuonyeshwa. Akaondoa katazo la mlangoni, akaweka alama ya kukataza ndani ya kila ukurasa wa majina. Alama ileile ya mwanzo. Na ili kurasa zitoke mara moja, akatumia sehemu ya Search Console inayoficha anwani kwa muda wa miezi sita hivi, wakati alama inafanya kazi yake.

Lakini alama siyo kufuli. Mwenye anwani anaweza bado kufungua. Kwa hiyo wakabadili na tangazo lenyewe. Siku hizi tangazo la anayetafuta ndugu halitaji anamolala wala namba yake. Linataja namba ya redio, na redio inauliza maswali kabla ya kumuunganisha mtu na mtu. Mtoto aliyepotezana na wazazi hatajwi kabisa kwenye tovuti, wala picha yake. Familia inapelekwa kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi hiyo na unajua kuifanya. Wapo waliolalamika pale redioni kwamba kwa namna hiyo watu wachache watapatikana. Wana sababu, na jambo hilo halijaisha kujadiliwa. Ndugu wa Nairobi asingempata kaka yake.

Fundi ameandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta orodha mbili kwa kalamu ya bluu: kurasa za kuonekana, kurasa za kutoonekana. Shule, afya, onyo, mikutano ya kartie, upande wa kwanza. Watu, upande wa pili. Kila tangazo jipya, kabla ya kubofya, anatazama juu.

Mama wa Bukavu alirudi mwezi wa nane. Dola zake 15 hazikurudi, na deni la makala alilimaliza kwa kufua nguo za watu. Alikuja kuuliza juu ya kuandikisha mtoto wake mkubwa, kwa kuwa dada yake wa Kalemie alikuwa amesoma ukurasa na kumtumia. Fundi akamwandikia kwenye kikaratasi jina la shule na siku. Mama akakikunja, akakiingiza ndani ya pembe ya kitenge. Kisha akatoa simu.

"Andika jina yangu," akasema. "Nataka kuona kama niko mule."

Fundi akaandika. Akatokea mchungaji mmoja wa Kinshasa, mwimbaji, na mchezaji wa mpira aliyestaafu. Wakashuka hadi ukurasa wa tatu. Yeye hakuwemo.

"Ni vizuri," akasema, akamfunga mtoto mgongoni.